Kikapu cha Safari ya Watoto ni cha Nani?



Kila mara inapotangazwa kanisani kwamba watoto wa Shule ya Jumapili watakwenda Mwanza kutembelea Kisiwa cha Saanane, mazungumzo ya wazazi baada ya ibada huwa ni yale yale: tufungashe nini? Wengi huliona jambo hili kuwa dogo, la akina mama na vikapu vyao. Mimi naona mna swali ndani yake ambalo Mkristo hana budi kulijibu. Katika safari ya pamoja, je, mzazi hufungasha kwa ajili ya mtoto wake tu, au kwa ajili ya watoto?

Kwanza tuitazame safari yenyewe. Saanane ilifanywa bustani ya wanyama mwaka 1964, na mwaka 2013 ikawa Hifadhi ya Taifa. Ni kisiwa kidogo chenye miamba mikubwa, na watoto hufurahi kuwaona swala, tumbili, pimbi na kenge. Sisi tutokao Geita hupita Busisi. Zamani wazazi walifungasha kwa kuhofia foleni ya kivuko, maana mtu aliweza kukaa pale saa nyingi na mtoto mgongoni. Tangu Juni 2025 twavuka kwa Daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa kilometa 3 hivi, kwa dakika chache tu. Lakini jua la ziwani ni lile lile, na mtoto wa miaka minne huona njaa kabla hajauona hata mnyama mmoja.

Wako wenzetu wasemao kwamba kufungasha sana ni kukosa imani, kwa kuwa Bwana aliwaambia wanafunzi wake wasichukue mkoba wala mkate (Luka 9:3). Lakini katika Injili hiyo hiyo, sura ya 22, Bwana yule yule anawaagiza wenye mkoba wauchukue. Tena wale waliotumwa mikono mitupu walikuwa watu wazima, wakienda katika nyumba za kupokea wageni. Mtoto mdogo hakuchagua kusafiri mikono mitupu. Mzazi ndiye aliyemchagulia. Asiyechukua kitu kwa kusema Mungu atatoa, mara nyingi ana maana kwamba jirani atatoa.

Basi kufungasha ni wajibu. Lakini kwa ajili ya nani?

Hapa sina budi kukiri kosa langu. Katika safari moja nilimfungashia mwanangu kuku, chapati na soda. Tulipoketi chini ya mti, kila mzazi akafungua chake. Karibu yetu alikaa mtoto ambaye baba yake ni mchimbaji mdogo, na wiki zile duara lao lilikuwa halijatoa kitu. Mama yake alikuwa amemletea matobolwa machache katika kitambaa. Mtoto hakuomba. Alimtazama tu mwanangu akila. Nikaona haya, nikamnyoshea kipande cha kuku mbele ya watu wote. Yeye kwanza akamtazama mama yake, na yule mama akainamisha macho. Hapo nikajua kwamba nilikuwa nimetoa, lakini nimetoa kwa kumwaibisha.

Niliporudi nyumbani nilisoma tena 1 Wakorintho 11. Huwa tunaisoma sura ile kwa habari ya Meza ya Bwana, na ni vema. Lakini jambo lililomkasirisha Mtume Paulo lilikuwa chakula chenyewe. Watu walikusanyika mahali pamoja, kila mmoja akatangulia kula chake. Huyu akashiba kupita kiasi na yule akakaa na njaa. Paulo anawauliza kama wanataka kuwatahayarisha wasio na kitu. Wenye chakula huko Korintho hawakuwa wamemnyang'anya mtu. Walikula cha kwao, kama nilivyokula mimi cha kwangu.

Najua pingamizi litakalotolewa. Mtu atasema: nimefanya kazi, na Maandiko yananiagiza kuwatunza walio wa nyumbani mwangu kwanza. Ni kweli, wala sisemi mzazi amwache mwanawe na njaa ili aonekane mwema. Mwingine atasema kwamba chakula cha pamoja huwafanya wavivu wasilete kitu. Hilo nalo hutokea. Lakini mvivu ni mzazi, na atakayekaa na njaa ni mtoto. Si haki kumfundisha baba adabu kupitia tumbo la mwanawe.

Kwa hiyo napendekeza tutenganishe vitu vya aina mbili. Kile kinachohusu mwili wa mtoto huyu peke yake kiwe katika mkoba wake: nguo ya kubadili, sweta, kofia, kikombe, dawa zake, na karatasi yenye jina lake na namba ya simu ya mzazi. Kile kinacholiwa machoni pa wengine kiwe cha wote. Kiletwe kanisani siku moja kabla, kwa jinsi kila mmoja alivyojaliwa. Mwenye kuku alete, mwenye karanga alete, na mwenye matobolwa alete pia, maana kwa safari ni chakula bora kuliko wali, ambao huharibika upesi katika joto. Vikichanganywa katika masinia, hakuna atakayejua nani kaleta nini, na hakuna mama atakayeinamisha macho.

Liko jambo moja katika ule mkoba wa mtoto ambalo wazazi husahau, nalo ni ukweli. Kanda yetu ya Ziwa ina watoto wengi wenye selimundu. Mtoto wa namna hiyo ahitaji kunywa maji mara kwa mara, asichoshwe kwa kupanda miamba, wala asipigwe na baridi. Mzazi anayeificha hali hiyo, kwa hofu kwamba mtoto ataachwa nyumbani, anampa mwalimu mzigo asioujua. Nasi wengine tusiwe sababu ya hofu hiyo. Tukiisha kuambiwa, tuongeze dumu la maji, wala tusimwondoe mtoto katika orodha.

Mwisho, watoto wawepo tunapofungasha. Mtoto aliyetia karanga kwa mkono wake mwenyewe katika kapu la wote hatashangaa akiona mwenzake anazila. Na tukumbuke kutumia vikapu na mifuko inayoruhusiwa, kwa kuwa ile ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019. Tena watoto wasiingie majini kuoga, kwa ajili ya kichocho na mamba, na ndani ya boti kila mmoja avae jaketi la kujiokolea.

Yule mama bado twasali naye. Sijapata kumwomba radhi, kwa kuwa naogopa kumwaibisha mara ya pili. Safari ijayo nitapeleka kuku wangu kanisani siku moja kabla, akatwe pamoja na wa wengine.

Bwana awalinde watoto wetu njiani na majini. Amina.