Nani Hana cha Kupoteza?

Kuna kauli inayosemwa kila mnyonge anaposhinda, na safari hii nimeisikia hapahapa Hombolo, Dodoma, kwenye mchujo wa mbio za vijana. Kijana asiyejulikana, aliyetoka kitongoji cha mbali, alimpita bingwa hatua chache kabla ya mstari wa majivu. Watu wakashangilia. Timu ilipotangazwa, jina lililosomwa lilikuwa la aliyeshindwa. Nilipouliza, msimamizi wa mchujo alinijibu kwa upole kabisa: “Mzee wangu, yule mtoto alikimbia vile kwa sababu hana cha kupoteza. Huko mbele kwenye presha hatafua dafu.”

Mnyonge michezoni ni yule asiyepewa nafasi. Hapo hatuna ugomvi. Ni kweli pia kwamba wanyonge wengi hushindwa na tunawasahau, na kwamba kipaji kikubwa mara nyingi ndicho kinachoamua. Nayakubali yote mawili.

Hili la kutokuwa na cha kupoteza ndilo silimezi, kwa sababu linajifanya sifa huku likimnyang’anya mtu ushindi wake. Mwenye jina akishinda, tunasema amejiandaa, ana moyo, anaujua mchezo. Mnyonge akishinda, tunasema amepungukiwa kitu: hofu. Juhudi zake zinageuzwa upungufu. Kisha adhabu inafuata papo hapo: siku akipata cha kupoteza ataharibu, kwa hiyo bora asipewe kabisa.

Basi tukitazame hicho cha kupoteza. Yule kijana alivaa raba za kuazima, ncha zake zimeshindiliwa vitambaa zisimchomoke. Siku ile aliacha kibarua cha kupogoa zabibu, na nauli ya bodaboda alikopa. Angeshindwa, angerudi na deni kwa watu waliokwisha kumwambia kwamba anapoteza muda. Bingwa alishindwa akapewa nafasi nyingine saa ileile. Kati ya hao wawili, nani alisimama pale mwanzo akiwa na mengi ya kupoteza? Mwenye nafasi kumi anaweza kuichezea moja. Mwenye nafasi moja haichezei.

Nitaambiwa kwamba nazungumzia nauli, wenye kauli ile wanazungumzia heshima. Sawa, tuzungumze heshima. Mwaka 1986 Tukuyu Stars walitwaa ubingwa wa soka wa Tanzania Bara wakiwa ndio kwanza wamepanda daraja. Simba na Yanga waliukosa ubingwa ule na hawakupungua chochote. Bado ni Simba na Yanga. Tukuyu Stars leo hawamo Ligi Kuu. Heshima kubwa huhimili kipigo. Ndogo ndiyo inayoweza kufutika, na anayeibeba anajua hivyo tangu anafunga kamba za viatu. Presha anayo. Tofauti ni kwamba hakuna kamera inayomuuliza habari zake.

Tena ana mzigo ambao mwenye jina hana: lazima aamini jambo ambalo matokeo yote ya nyuma yanalikataa. Mwanafalsafa wa Marekani, William James, aliandika juu ya mpanda mlima anayelazimika kuruka ili ajiokoe. Akiamini kwamba ataweza, imani yenyewe humwongezea uwezo, akisita, huanguka. Bingwa ana rekodi za kuegemea. Mnyonge anaegemea kitu ambacho bado hakijatokea.

Mtazame mkimbiaji Alphonce Simbu wa Singida, jirani zetu. Alikuwa nyuma ya Amanal Petros wa Ujerumani katika mita za mwisho za marathoni ya Tokyo, tarehe 15 Septemba 2025. Wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Simbu alishinda kwa sekunde 0.03, akawa Mtanzania wa kwanza kupata dhahabu katika mashindano ya dunia ya riadha. Sawa, aliyekuwa wa pili katika marathoni ya Boston Aprili ya mwaka huohuo si mnyonge kamili. Lakini baada ya kilomita 42, nani ataniambia kwamba mtu anaitoa hatua ile ya mwisho kwa kuwa hana cha kupoteza?

Na nikishataja Boston siwezi kumruka Juma Ikangaa, mtu wa Dodoma. Mwaka 1988 alishindwa pale na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja. Mwaka 1989 akawa wa pili tena, na Novemba hiyo akashinda New York kwa saa 2:08:01, rekodi ya mbio zile wakati huo. Alipenda kukimbia mbele, kama Filbert Bayi, ambaye akiwa na miaka 20 aliongoza mita 1500 mwanzo hadi mwisho kule Christchurch, Februari 1974, akamwacha John Walker na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 3:32.16. Kukimbia mbele kunanishangaza hadi leo. Unawapa wote mgongo wako, humwoni yeyote, unasikia nyayo tu na hujui ni za nani. Mbinu hiyo inaonekana ya wenye kiburi, lakini nadhani inamfaa zaidi asiyepewa nafasi: huko mbele hakuna mgongo wa mkubwa wa kumkumbusha kwamba yeye ni mdogo.

Mwaka 1990 Ikangaa alirudi Boston, akijua vizuri maumivu ya nafasi ya pili, akawa wa pili mara ya tatu mfululizo. Imani ya kurudi hutoka wapi? Kuna siku nadhani ni mazoezi peke yake, kuna siku nadhani ni ukaidi wa kuzaliwa, na sijaona hoja ya kuumaliza ubishi huo. Ninyi mnaochuja vijana msisubiri umalizike. Saa ikionyesha kwamba kijana ametangulia, andikeni jina lake.