Damu Haiulizi Unatoka Wapi

Maandiko ya kusoma: Matendo 17:22–28, Luka 10:25–37, 2 Samweli 23:13–17

 

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya damu. Najua tukisikia neno hilo kanisani, mawazo yetu yanakimbia moja kwa moja Kalvari, na ni vizuri. Hiyo ndiyo damu inayookoa, wala hakuna nyingine. Wacha niseme hilo mapema, asije mtu akasema mchungaji msaidizi ameleta injili mpya. Painti ya damu yako haiwezi kumwondolea mtu hata dhambi moja. Lakini inaweza kumrudisha nyumbani mama aliyevuja damu akijifungua, akiwa na mtoto wake mkononi. Na Mungu aliyetupa ile damu ya Mwanawe bure anatuangalia tuone tutafanya nini na hii aliyoiweka mishipani mwetu.

Paulo alipofika Athene alisimama mbele ya watu waliojiona bora kuliko mataifa mengine yote. Kwao, asiyekuwa Mgiriki alikuwa mshenzi tu. Paulo hakuwabembeleza. Aliwaambia kwamba Mungu alianza na mtu mmoja, na kutoka kwake akafanya mataifa yote yanayokaa duniani, kisha Yeye mwenyewe akawapangia nyakati na mipaka. Umeona hapo? Mipaka ipo, Mungu anaijua. Lakini mipaka ilikuja baadaye. Umoja ulitangulia.

1. Kwenye mfuko wa damu hakuna jina

Hebu fikiria mfuko wa damu ukiwa umetundikwa juu ya kitanda cha mgonjwa. Una karatasi iliyobandikwa. Karatasi hiyo inasema kundi la damu: A, B, AB au O. Inasema kama ni chanya au hasi. Ina nambari, ina tarehe iliyotolewa na tarehe ya mwisho wa kutumika. Basi. Haisemi aliyetoa ni wa kabila gani. Haisemi anaabudu Jumapili, Jumamosi au Ijumaa. Haisemi alimpigia nani kura.

Na mgonjwa aliyelala pale haulizi! Sijawahi kusikia mtu anakata roho halafu anamwambia nesi, "Ngoja kwanza, hiyo damu ni ya mtu wa wapi?" Maswali hayo tunayauliza tukiwa wazima. Tukitafuta nyumba ya kupanga, tunauliza. Kijana akileta mchumba, tunauliza jina la tatu. Tukimpeleka mtu kazini, tunauliza kama ni mtu wetu. Lakini tukilazwa, maswali yote yanakwisha.

Makundi haya ya damu yaligunduliwa na daktari mmoja wa Vienna, Karl Landsteiner, mwaka 1901. Ndiyo maana Siku ya Wachangiaji Damu Duniani huadhimishwa Juni 14, siku aliyozaliwa. Na alichogundua kinapaswa kutunyenyekeza. Baba akiwa kundi A na mama kundi B, watoto wao wanaweza kutokea katika makundi yote manne. Kwa hivyo ndugu yako wa tumbo moja, mliyenyonya titi moja, anaweza kuja mbio hospitalini na mkono ameshaukunja shati, na daktari amwambie, "Pole, yako haiwezi kumfaa." Wewe ukiwa O na yeye ni A, damu yake ni sumu kwako. Halafu mtu usiyemjua, wa Lodwar au Kwale au Wajir, yake ikaingia bila shida. Mungu alipanga damu namna hiyo! Kama damu ingefuata ukoo, tungejifungia kila mtu na ukoo wake.

Binadamu wamejaribu kuibagua. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Shirika la Msalaba Mwekundu la Marekani mwanzoni lilikataa damu ya watu weusi. Mwaka 1942 likaikubali, lakini ikatengwa na ya wazungu. Na mmoja wa waliowafundisha kuhifadhi damu kwa wingi alikuwa daktari mweusi, Charles Drew! Alipinga ubaguzi huo, kwa sababu sayansi haikuwa na lolote la kuutetea. Shirika hilo liliacha kuitenga damu kwa rangi mwaka 1950. Tunawacheka? Tusiwacheke haraka. Wao walibagua damu iliyo kwenye chupa. Sisi mwaka 2007 na 2008 tulibagua iliyo ndani ya watu. Zaidi ya Wakenya 1,100 waliuawa. Januari 1, 2008, watu waliokuwa wamekimbilia kanisani kule Kiambaa, karibu na Eldoret, walichomewa humo humo ndani. Kanisani, wapendwa. Damu ya Habili ililia kutoka ardhini, na Mungu alimuuliza Kaini ndugu yake yuko wapi. Swali hilo halijaondolewa.

2. Sisi ndio tuliolala barabarani

Ule mfano wa Msamaria mwema tumeuhubiri sana, na kila mara tunajiweka mahali pa Msamaria. Sisi ndio wenye punda, mafuta na divai. Lakini soma tena. Mwanasheria aliuliza jirani yake ni nani, yaani, nimpende nani na nimwache nani. Yesu akamaliza hadithi na kumgeuzia swali: kati ya hao watatu, ni yupi aliyekuwa jirani wa yule aliyepigwa? Unaona alichofanya? Alimtoa mwanasheria kwenye kiti chake, akamlaza chini barabarani, akiwa uchi na majeraha, halafu akamwambia aangalie juu aone ni nani anakuja. Na anayekuja ni yule asiyempenda. Mwanasheria alishindwa hata kumtaja kwa kabila. Alisema tu ni yule aliyemhurumia.

Damu inatulaza hapo hapo. Ukiwa umelala, jirani ni yule aliyekuja.

Desemba 21, 2015, basi lilikuwa likienda Mandera. Magaidi wa al-Shabaab wakalisimamisha wakataka abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu wakakataa. Kina mama wakawapa wenzao Wakristo vitambaa vya kujifunika kichwa wasitambulike. Mwalimu mmoja Mwislamu, Salah Farah, alipigwa risasi siku hiyo, na Januari 2016 akafariki. Damu yake ilimwagika kwa sababu ya watu wa imani yetu. Mpendwa, ukikaa kwenye matatu na mtu aanze kuwatukana Waislamu au kabila fulani, kumbuka kuna Mkristo anayekula chakula cha jioni leo na watoto wake kwa sababu Mwislamu alikataa kumwacha.

Daudi alituachia mfano. Alitamani maji ya kisima cha Bethlehemu, na mashujaa wake watatu wakapenya kambi ya Wafilisti wakamletea. Daudi akakataa kuyanywa. Akayamimina mbele za Bwana, kwa kuwa aliona si maji tena, ni damu ya watu waliohatarisha maisha yao. Alijua thamani ya alicholetewa. Kuna wengi kati yetu tuko hai, au wazazi wetu, au watoto wetu, kwa damu ya mtu tusiyemjua. Hatuwezi kumshukuru kwa jina. Basi tumshukuru kwa namna tunavyowatendea watu wote, maana yeyote kati yao anaweza kuwa ndiye.

3. Usingoje harambee, hii ni mana

Wakenya tukipatwa na msiba tunajitokeza. Agosti 7, 1998, bomu lilipolipuka kwenye ubalozi wa Marekani Nairobi, watu 213 waliuawa hapa nchini na maelfu wakajeruhiwa. Watu walipanga foleni kutoa damu. Westgate mwaka 2013, foleni tena. Tunajua harambee. Shida yetu ni Jumanne ya kawaida ambayo haina kamera wala habari za saa moja. Jumanne hiyo kuna mama anavuja damu baada ya kujifungua. Kuna mtoto malaria imemmaliza damu. Kuna mwenye seli mundu, kuna wa saratani, kuna kijana wa bodaboda aliyegongwa. Na jokofu limepungukiwa.

Nilisomea biashara, kwa hivyo mtanivumilia kidogo na hesabu. Duka likiishiwa unga, unapiga simu kiwandani. Damu haina kiwanda. Kiwanda ni mtu. Na huwezi kuirundika stoo: chembe nyekundu hukaa takriban wiki 5 au 6 kwenye baridi, na chembe sahani, zile za kugandisha damu, siku 5 hivi tu. Foleni ya mwaka jana haiwezi kumsaidia mgonjwa wa leo. Ni kama mana jangwani. Waliokusanya ya kuweka, ilioza. Ilibidi watoke tena.

Shirika la Afya Duniani hutumia kipimo hiki: nchi ipate walau painti moja kwa kila watu 100 kwa mwaka ili kukidhi mahitaji ya msingi. Sensa ya 2019 ilituhesabu zaidi ya milioni 47. Hiyo ni zaidi ya painti 470,000. Ni nyingi? Sasa igawe kwa makanisa. Kanisa la watu 300, fungu lake ni painti 3 kwa mwaka. Tatu tu! Kanisa hilo likitoa watu 30, limebeba mzigo wa watu 3,000. Hatukosi watu. Tunakosa mazoea. Fungu la kumi hatungoji msiba ndipo tutoe, si ndiyo? Na hii iwe hivyo.

Hofu zetu

Mwingine anasema, "Mchungaji, nikipewa damu si nitaingiziwa mapepo ya ukoo wa mwingine?" Yesu alishajibu katika Marko 7. Kinachomtia mtu unajisi hutoka moyoni mwake. Chuki ya kikabila ndiyo unajisi. Hiyo ndiyo ya kukemewa.

Mwingine anaogopa kuishiwa. Mtu mzima ana damu lita 5 hivi. Inayochukuliwa ni mililita 450. Maji yake hurudi kwa siku moja au mbili, na chembe nyekundu hujijenga kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana mwanamume husubiri miezi 3 kabla ya kutoa tena, na mwanamke miezi 4.

Mwingine anaogopa kupimwa. Ni kweli, damu hupimwa virusi vya ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende. Lakini kujua ni bora kuliko kutojua, na hakuna atakayetangaza jina lako madhabahuni.

Na mwingine anasema, "Lakini watu wanaiuza." Mtu yeyote akikudai pesa za kukutafutia damu, mripoti. Lakini mwizi wa sadaka hajawahi kutufanya tuache kutoa sadaka.

Basi tufanye nini?

Kama una umri wa miaka 16 hadi 65, uzito wa kilo 50 au zaidi, na u mzima wa afya, unaweza kutoa. Kama una mimba, unanyonyesha au unatumia dawa, waeleze wahudumu ukweli, na wakisema ungoje, ngoja bila aibu. Kula vizuri, kunywa maji, nenda kituo cha damu au hospitali kubwa iliyo karibu nawe. Utajaza fomu, utachomwa kidoleni kupimwa wingi wa damu, utalala dakika kama 10, kisha utapewa soda na biskuti. Muulize nesi kundi lako, uliandike.

Yakobo anawakemea wanaomwambia mwenye njaa aende salama na hawajampa kitu. Kila wiki tunapokea kwenye kikundi cha WhatsApp ujumbe wa familia inayotafuta damu, na tunajibu kwa alama za mikono iliyofumbatwa. Tuombe, ndiyo. Halafu tukunje mikono ya shati.

Na ukienda, usiende na swali la damu hii itampata nani. Huenda ikampata yule unayemtukana wakati wa kampeni. Itaingia, mwili wake utaipokea, na ataamka kesho yake akiomba uji. Huo ndio ushuhuda ninaoutaka kwa kanisa hili.

Tuombe: Baba, ulitufanya kutoka kwa mmoja, na Mwanao alikufa kwa ajili ya wote. Tuondolee moyoni swali la "huyu ni wa wapi?" Waponye waliolala hospitalini usiku huu, na utufanye sisi kuwa sehemu ya jibu la maombi yao. Katika jina la Yesu, amina.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Ni watu wa kundi gani ambao ungeona vigumu kupokea msaada wao? Kwa nini?
2. Katika Luka 10, kwa nini mwanasheria hakumtaja Msamaria kwa jina la kabila lake?
3. Ni nani katika ushirika wenu anayeweza kutoa damu mwezi huu, na ni nani atamsindikiza?