Kuuombea Mji Fedha kwa Haki

Mtu asimamaye Babati alfajiri huona mara moja kwa nini mji huu wahitaji kituo bora cha abiria. Barabara itokayo Arusha hupita Minjingu na kuingia mjini. Kisha moja huenda Kondoa na Dodoma, nyingine Dareda, Katesh na Singida. Tangu Babati ulipofanywa makao makuu ya Mkoa wa Manyara mwaka 2002, na hasa tangu barabara ya lami ya kwenda Dodoma ilipozinduliwa mwaka 2018, wapitao njia wameongezeka. Wamo wafanya biashara wenye magunia yao, wagonjwa waendao hospitali, wanafunzi, na wazee wafuatao mafao yao. Juu ya haja yenyewe, basi, hatuna ubishi na mtu. Twataka kuuliza jambo jingine: je, mji ukiomba fedha za kujenga kituo kama hicho, ni halali kutia chumvi kidogo katika maombi yake?

Kila msomaji anayejua mambo ya halmashauri aijua safari ya ombi. Huanzia mkutano wa mtaa au wa kijiji, hupita Kamati ya Maendeleo ya Kata, hufika Baraza la Madiwani, kisha mkoani, TAMISEMI na Hazina, hata Bunge likapitisha bajeti kabla ya tarehe 1 Julai. Mradi ukiwa mkubwa, lazima uandikiwe andiko: magari mangapi kwa siku, abiria wangapi, ushuru kiasi gani utapatikana. Hapo ndipo mjaribu ajapo. Mabasi ni arobaini, andika themanini. Nani atakuja kuyahesabu?

Wala mtetezi wa desturi hiyo hasemi upuuzi. Husema: miji mingine yafanya hivyo, nasi tukisema kweli tupu tutaachwa nyuma. Tena hatuombi kwa ajili ya matumbo yetu. Twaombea mama yule anyeshewaye mvua na mtoto mgongoni akingoja gari. Hoja hii ina uzito, kwa kuwa huruma imo ndani yake.

Kanisa limekwisha kuijibu tangu zamani. Mtume Paulo aliwaandikia Warumi akiwakataza kutenda mabaya ili mema yapatikane, na Mtakatifu Agostino alishika kwamba uongo haugeuki kuwa halali kwa sababu ya shabaha njema. Lakini tunajua kuna watakaosema kwamba maneno hayo ni ya sakristia, na ofisini mambo huenda vingine. Haya, tuseme kwa lugha ya ofisi.

Fedha hizi hutoka katika chungu kimoja. Mwaka 2012 Benki ya Dunia ilikubali kugharimia programu ya kuimarisha miji 18 ya Tanzania, na Babati ulikuwa mmojawapo. Kila mwaka miji ilipimwa, na fungu la mji likafuata alama zake. Mradi wa TACTIC uliokuja baadaye umehusu miji 45. Basi, Babati ukijiongezea abiria wasiokuwako, anayepunjwa ni abiria wa Mpanda au wa Bariadi, ambaye naye ananyeshewa, na pengine naye ana mtoto mgongoni. Huyo hatumwoni, na kutomwona ndiko kunakoufanya udanganyifu uonekane kama huruma. Tena fedha hizi ni mkopo: wajukuu wetu watalipia hata mabasi yale arobaini ya karatasi.

Upo na uongo wa pili, ulio hatari zaidi kwa kuwa kila tarakimu yake ni ya kweli. Basi la Arusha hulipa ushuru getini, kwa hiyo limo katika vitabu. Mtu atembeaye kwa miguu kutoka Singe au Sigino kwa kukosa nauli ya bajaji halipi ushuru popote, kwa hiyo hayumo. Andiko likitungwa kwa kufuata ushuru peke yake, litaleta vibanda vya biashara na geti zuri, wala halitaleta njia ya waenda kwa miguu, benchi au kivuli. (Choo cha stendi, ambacho mtu hulipia kabla ya kuingia, chatosha kutuonyesha ni nani aliyekumbukwa.) Katika maombi yenyewe mtu huyu alitajwa kwa jina la "wananchi".

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lililalamikia tabia ya kila mtu kuielekea Serikali na kudai fedha kana kwamba ndizo mwanzo wa maendeleo, na wako watu wanaotaka kutumia onyo hilo kuunyamazisha mji usiombe. Hatukubaliani nao. Papa Yohane XXIII, katika barua yake Mater et Magistra ya mwaka 1961, alifundisha kwamba hata sehemu za mashambani zastahili barabara, usafiri na maji, na kwamba wenye mamlaka wana wajibu juu ya hayo. Kwa hiyo Babati haupigi magoti kuomba sadaka. Wadai haki yake, na mdai haki aweza kufungua vitabu vyake mbele ya watu wote.

Hata hivyo, mji usemao kweli waweza kuachwa mwaka mmoja au miwili, na atakayeumia si mwandishi wa andiko. Ni yule mama. Hatuna dawa ya kuuondoa uchungu huo wote. Waweza kupunguzwa na Hazina, ikiwa itatuma mtu kusimama barabarani siku tatu na kuhesabu mwenyewe; na wakaguzi wasifanye kazi yao kwa karatasi tu. Waweza kupunguzwa pia na sisi. Andiko na lisomwe katika mkutano wa mtaa kabla halijapelekwa, waendesha bajaji na akina mama wa sokoni wakisikia tarakimu, kwa maana hao hawadanganyiki juu ya idadi ya mabasi. Nazo jumuiya ndogo ndogo za Kikristo za Singe, Sigino, Bonga na Nangara, zinazojua ni nani apitaye kwa miguu kabla ya jua kuchomoza, zaweza kumhesabu kila mmoja kwa juma moja zima na kumkabidhi diwani hesabu hiyo kabla mapendekezo ya bajeti ijayo hayajafungwa.