Chombo Kisichokwenda

Lugha yetu ina neno moja, chombo, kwa jahazi, kwa sahani na kwa gari. Ndani ya neno hilo mna hukumu: chombo ni kitu cha kutumika. Basi tukiulizwa lipi bora kati ya magari mawili mashuhuri ya Kiitalia, Lamborghini Countach na Ferrari F40, yafaa kwanza tujiulize: chombo kilichoacha kutumika hubakia kuwa chombo?

Countach ilikusudiwa macho. Umbo lake, kazi ya Marcello Gandini, lilionekana kwanza Geneva mwaka 1971, na magari yakauzwa tangu 1974 hadi 1990. Milango yake huinuka juu, na dereva haoni vyema nyuma. Wengine wakirudi kinyumenyume hukaa ukingoni mwa mlango na kuchungulia. Hata lile bawa kubwa la nyuma, ambalo wanunuzi wengi walililipia, lilipunguza kasi badala ya kuiongeza.

F40 ilikusudiwa mwendo. Ilitolewa mwaka 1987 kuadhimisha miaka 40 ya Ferrari, nayo ndiyo ya mwisho kuidhinishwa na Enzo Ferrari, aliyefariki mwaka 1988. Injini yake ya silinda 8 na tabo mbili ina nguvu ya farasi 478, na kiwanda kilitangaza kasi ya kilomita 324 kwa saa. Ndani hamna redio wala zulia.

Kwa mwendo, F40 imeshinda. Na mnadani pia kwa kawaida ndiyo ghali zaidi, ingawa zimeundwa zaidi ya 1,300. Lakini wakusanyaji huyapima yote mawili kwa mizani moja: injini ya asili, karatasi kamili, na kilomita chache. Juu ya karatasi hatuna ubishi. Mali bila daftari huisha bila habari. Ajabu imo katika kilomita. Countach ikiwekwa itazamwe haikudhulumiwa sana. F40, iliyonyimwa kila anasa ili ikimbie, hupanda thamani kwa kutokwenda.

Yuko atakayesema kuwa mali ni ya mwenyewe, na kwamba aifichaye leo huwahifadhia wajao. Hoja hiyo ni nzito, lakini chombo chenyewe huikanusha. Matangi ya mafuta ya F40 yana mifuko ya mpira inayochakaa kwa miaka, si kwa masafa. Mikanda ya injini hubadilishwa kwa kalenda, hata gari lisipotoka bandani. Sili hukauka zikikosa mafuta. Kutotumia, basi, si kutunza. Ni kuchagua namna nyingine ya kuchakaa.

Mwenye gari kama hilo ameshika amana ya mafundi wa Maranello. Akiliendesha kwa adabu, atapoteza sehemu ya bei. Asipoliendesha, watakaorithi watapokea umbo na daftari safi, wasijue kamwe kazi iliyowachosha mafundi wale ilikuwa ya nini.