Ufunguo Chini ya Pipa

Jumamosi moja nilikuwa nyumbani kwa dada yangu, mashariki ya London, nikabishana na mpwa wangu juu ya risasi moja. Ni ile ya filamu ya kwanza ya Star Wars, pale kilabuni, Han Solo anapowekwa mtutu na Greedo, mwindaji aliyetumwa kumkamata kwa deni. Nikamsimulia ninavyoikumbuka. Wamekaa ana kwa ana, meza imewatenganisha. Han anazungumza taratibu, kama mtu asiye na haraka, huku mkono wake ukiteremka chini ya meza na kuichomoa bastola polepole. Kisha anafyatua. Mlio ni mmoja, moshi unatanda, Greedo anaangukia meza. Han anasimama, anamrushia mwenye kilabu sarafu na kwenda zake.

"Mjomba, umesahau," akasema kijana. "Greedo ndiye aliyeanza."

Akaiwasha televisheni, akaisogeza filamu hadi pale pale. Kweli. Risasi mbili zilipishana, ya Greedo ikitangulia kwa muda wa kupepesa jicho, na Han akakwepesha kichwa. Nilinyamaza. Niliiona filamu hii Mombasa nikiwa mtoto, katika kanda ya video ya kuazima, tukairudia mpaka picha ikaanza kukwaruza. Nilikuwa na hakika na nilichokiona, lakini ushahidi ulikuwa mbele yangu, nao ulinikana.

Baadaye nilimweleza kwamba sote wawili tulisema kweli. Filamu iliyotoka Marekani tarehe 25 Mei 1977, na kufika London tarehe 27 Desemba mwaka huo katika ukumbi wa Dominion na ule wa Leicester Square, ilikuwa na risasi moja. Mwaka 1997 George Lucas, aliyeiandika na kuiongoza, aliirudisha kwenye sinema baada ya kuifanyia marekebisho mengi, na moja ya marekebisho hayo lilimpa Greedo risasi ya kwanza. Mwaka 2004 tukio likarekebishwa tena, na mwaka 2019 likaguswa mara nyingine. Mpwa wangu alizaliwa baada ya 1997. Tulikuwa tukitaja jina moja, kila mmoja na filamu yake kichwani.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilifikiria hili zaidi ya inavyostahili risasi ya kubuni. Star Wars ina mfuatano wa filamu tisa, nyingine zikiwa pembeni yake, na watu wazima hugombana juu yake hadi kununiana. Wako wanaosema utatu wa kwanza ndio Star Wars na mengine ni biashara. Waliokua na filamu za 1999 hadi 2005 wanazitetea kwa machozi. The Last Jedi ya mwaka 2017 iligawa watu hata ndani ya nyumba moja. Anayetaka amani husema kila mtu na ladha yake, kipendacho roho hula nyama mbichi, kisha mazungumzo yanazimwa kama taa. Mimi siamini kwamba jambo linaishia hapo.

Mwanafalsafa wa Uskoti, David Hume, alilishughulikia swali hili katika insha juu ya kipimo cha ladha, iliyochapishwa hapa London mwaka 1757. Alikopa kisa kutoka Don Quixote. Watu wawili wa ukoo mmoja, wenye sifa ya kujua mvinyo, waliitwa kuonja pipa. Wa kwanza akasema mvinyo ni mzuri, ila anasikia ladha ya ngozi. Wa pili naye akausifu, ila yeye akasikia chuma. Waliokuwepo wakawacheka wote wawili. Pipa lilipomalizwa, chini yake ukakutwa ufunguo wa zamani uliofungwa kwa ukanda wa ngozi.

Kisa hiki hunukuliwa ili kuonyesha kwamba ndimi hazilingani, na kwamba aliyezoea husikia asichosikia mwenzake. Hilo nalikubali, na sisi wa Afrika Mashariki tuna mfano wake ndani ya Star Wars yenyewe. Katika Return of the Jedi ya mwaka 1983, filamu iliyopigwa picha katika studio za Elstree, Borehamwood, kaskazini tu ya London, kuna rubani mwenye mashavu mapana yaliyoning'inia, Nien Nunb, anayeketi kando ya rubani mwenzake, Lando Calrissian. Watazamaji duniani walisikia mlio wa kiumbe wa angani. Sauti ile aliitoa Kipsang Rotich, mwanafunzi Mkenya aliyekuwa Marekani, naye alizungumza Kikalenjin na Kikikuyu. Kwa muda mrefu watu walirudia kwamba ni Kihaya. Mkikuyu aliyeketi ukumbini hakuhitaji kuambiwa, kwa kuwa alimsikia mtu akizungumza, wakati jirani yake alisikia kelele. Hapa hakuna cha kila mtu na ladha yake. Mmoja alisikia zaidi ya mwingine, basi.

Lakini katika kisa cha Hume mimi navutwa zaidi na pipa kuliko ndimi. Waonjaji wale walitetewa kwa sababu pipa lilibaki pale pale, likanywewa mpaka chini. Fikiria mwenye mvinyo angekuja usiku akautoa ufunguo, akaosha pipa, akajaza mvinyo mpya na kuliita kwa jina lile lile. Waliosikia ngozi na chuma wangebaki waongo maisha yao yote. Hivyo ndivyo nilivyojisikia mbele ya televisheni ya dada yangu.

Najua jibu la upande wa pili, na lina uzito. Kazi ni ya aliyeitunga. Lucas amesema kwamba filamu ya 1977 haikuwa imekamilika kama alivyoikusudia, kwa hiyo alipopata fedha na mitambo akaimalizia. Mbona mtambaji wa ngano huibadilisha ngano kila usiku wala hashitakiwi? Dar es Salaam, katika vibanda umiza, yaani vibanda vya kuonyeshea video, marehemu Lufufu alitafsiri filamu za nje kwa Kiswahili, akaongeza maneno yake na utani wake hadi filamu ikawa nyingine kabisa. Nani alimlaumu? Watu walilipa ili wamsikie yeye.

Lufufu, hata hivyo, aliweka sauti yake juu ya filamu, na kila aliyekaa kwenye benchi alijua ipi ni ya Lufufu na ipi ni ya waliotengeneza. Mtambaji naye hana uwezo wa kuingia masikioni mwa waliomsikiliza jana na kuiondoa ngano ya jana, maana wao wenyewe wanaweza kuitamba kesho kutwa. Ngano huishi kwa watu. Filamu huishi kwenye nakala, na anayezishika nakala anashika pia kumbukumbu za waliotazama. Sina ugomvi na toleo la 1997 kuwepo. Ninachokipinga ni toleo jipya kukalia kiti cha la zamani. Mwaka 2006 filamu ya awali ilitolewa kwenye DVD kama nyongeza, ikiwa na picha hafifu iliyotoka kwenye diski za zamani, na mtu akiitazama anaona ilivyotupwa pembeni.

Lucas mwenyewe aliwahi kulitetea hili vizuri kuliko ninavyoweza mimi. Mwaka 1988 alikwenda mbele ya Bunge la Marekani kuwapinga waliokuwa wakizitia rangi filamu za zamani na kuzibadilisha, akazitaja kuwa urithi wa taifa. Aliyoyasema siku ile yalikuwa kweli, na yanabaki kweli hata kwa filamu zake.

Risasi ile ina uzito kwangu kwa sababu ya safari ya Han. Mtu anayeua kwa utulivu chini ya meza, akalipa sarafu na kuondoka, ni mtu anayejijali mwenyewe tu. Ndiyo maana mwishoni, anaporudi vitani kumwokoa rafiki bila kulipwa, moyo unashtuka. Ukimfanya mtu aliyejitetea tu, ametoka mwema na amefika mwema. Mpwa wangu haoni hivyo. Kwake yeye, shujaa hatakiwi kuanza kwa mauaji. Huo ndio mvutano wa kweli, na tungeweza kuufikia mapema kama tungekuwa na pipa moja.

Nao wanaoliacha pipa na kuwageukia watu hawana mvutano wowote. Mwigizaji John Boyega, kijana wa Peckham, kusini ya London, alikuta watu wakilalamikia rangi yake mwaka 2014, pale tangazo fupi tu la filamu yake ya kwanza ya Star Wars lilipotoka. Hawakuwa wameonja chochote. Boyega aliposema mwaka 2020 kwamba mhusika wake, Finn, alitangazwa kwa nguvu kisha akasukumwa pembeni, alitoa dai linaloweza kupimwa. Keti, zitazame filamu zake tatu, uone Finn anapewa nini katika kila moja.

Pipa la kwanza, hata hivyo, halikupotea. Taasisi ya Filamu ya Uingereza, BFI, ilikuwa na mkanda wa Star Wars wa 1977, nakala ya Technicolor ambayo rangi zake hazipauki kama za mikanda mingine ya miaka ile. Ulihifadhiwa kwenye ghala lenye baridi ya nyuzi 5 chini ya sifuri. Tarehe 12 Juni 2025 ulionyeshwa katika ukumbi wa BFI Southbank, kando ya mto Thames. Katika mkanda huo, Greedo hafyatui risasi hata moja.