Kahawa Iliyolisha Jeshi la Amin

Mwaka 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, na bei ya kahawa duniani ikapaa. Mkulima wa Masaka au Bugisu alistahili kuneemeka, lakini Uganda ya Idi Amin ilikuwa na bodi moja tu ya serikali yenye ruhusa ya kuuza kahawa nje. Bodi hiyo ilimpunja, na dola zikaishia kwa wakubwa. Ndiyo sababu magunia yalivushwa kwa magendo katika miteremko ya Mlima Elgon hadi Chepkube, upande wa Kenya, ambako watu walitajirika ghafla.

Dola zilizobaki mikononi mwa serikali zilikuwa na kazi yake. Ndege zilitoka uwanja wa Stansted, Uingereza, zimesheheni wiski na bidhaa za anasa kwa ajili ya maofisa wa jeshi. Askari aliyeshiba hampindui rais. Raia, kwa upande wao, walizidi kutoweka, na Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum akauawa.

Karibu theluthi ya kahawa hiyo ilinunuliwa na Marekani. Baadhi ya wabunge wa huko, akiwemo Don Pease wa Ohio, walidai ununuzi usitishwe. Serikali ya Jimmy Carter, iliyohubiri haki za binadamu, iliwapinga: biashara isichanganywe na siasa, na atakayeumia ni mkulima. Hoja ya mkulima siibezi. Ila mkulima yule alikuwa ameshaumizwa na haohao waliopokea malipo ya kahawa yake.

Wapo pia wanaoitetea biashara kwa kuamini kwamba nchi zinazouziana hazipigani. Tanzania na Uganda zilikuwa na zaidi ya kuuziana. Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki zilimiliki pamoja na Kenya shirika la ndege, reli, bandari na posta. Hata hivyo, Septemba 1972, Jumuiya ikiwa hai, wapinzani wa Amin walivuka mpaka kutoka Tanzania kwenda kumpindua, na ndege zake za kivita zikaidondoshea mabomu miji ya Bukoba na Mwanza. Jumuiya yenyewe ilivunjika mwaka 1977.

Marekani ilipiga marufuku kahawa ya Uganda Oktoba 1978. Mwezi huohuo majeshi ya Amin yakaingia Kagera, nchini Tanzania, yakaua watu, yakapora ng'ombe na kuchoma nyumba. Sikubali kwamba marufuku ndiyo iliyomchokoza. Jeshi lililovuka mpaka lilikuwa limelelewa miaka kadhaa kwa fedha za kahawa, na wanunuzi walijua wanamlipa nani. Tanzania ilipigana hadi Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979, kisha ikabaki na gharama za vita zilizoitesa miaka mingi.

Leo ukiambiwa kwamba kufanya biashara na mtawala katili kutamlainisha, usikubali kabla hujaonyeshwa fedha zinaingia mfuko wa nani.