Dhara Linaloonekana na Dhara Lisilohesabiwa

Kutathmini hatari ya viuatilifu kwa wachavushaji, yaani wadudu wanaohamisha chavua kutoka ua hadi ua, hudhaniwa kuwa kazi ya maabara peke yake, ilhali ndani yake limo swali la maadili lisilojibiwa kwa vipimo: ni dhara lipi linalostahili kuitwa dhara, na ni kiumbe gani anayestahili kuhesabiwa?

Katika jaribio la kawaida, nyuki wa asali waliokomaa hufungiwa katika vizimba vidogo, wakanyweshwa maji ya sukari yaliyotiwa sumu, na baada ya saa 48 maiti zao zikahesabiwa ili ijulikane dozi inayoua nusu yao. Jaribio hilo lina manufaa yake, ila limekwisha kuamua, kabla hata ya hesabu kuanza, kwamba dhara ni kifo. Mwaka 2012 watafiti nchini Ufaransa, akiwamo Mickaël Henry, walibandika vitambulisho vidogo vya redio migongoni mwa nyuki, wakawalisha kiasi kisichoua cha thiamethoksamu, ambayo ni sumu ya jamii ya neonikotinoidi inayoenea ndani ya mmea mzima hadi kwenye chavua na nekta, kisha wakawaachilia mbali na mzinga. Waliolishwa sumu walipotea kwa wingi kuliko wenzao. Nyuki wa namna hiyo kizimbani angehesabiwa mzima, ingawa kwa kundi lake hana tofauti na mfu.

Tena, nyuki wa asali amefanywa shahidi wa wote, na ushahidi wake una kasoro kubwa. Kundi lake lenye maelfu ya vibarua huweza kustahimili msiba, lakini kati ya spishi zaidi ya 20,000 za nyuki zilizo nyingi ni za wapweke, ambao jike mmoja hujenga kiota na kukijaza chakula bila msaidizi, hivyo akipotea yeye, uzazi wake wote uliosalia umepotea. Mwaka 2021 mawaziri wa kilimo wa Umoja wa Ulaya walikubali kwamba kundi la nyuki wa asali lisipungue kwa zaidi ya asilimia 10. Kiwango hicho ni hukumu ya watu, wala si ugunduzi, na yafaa kiitwe hivyo waziwazi.

Wanazuoni wa fikihi wana kanuni kwamba kuzuia madhara hutangulia kuleta manufaa, na kwa mwelekeo huo mzigo wa kuthibitisha humwangukia mwenye kuuza sumu, si mwenye kuihofia. Umoja wa Ulaya ulielekea huko ulipozuia matumizi mengi ya neonikotinoidi tatu mwaka 2013, kisha mwaka 2018 ukapiga marufuku kuzitumia nje ya vibanda vya kudumu vya kuoteshea mimea. Hata hivyo mkulima wa viazi sukari, aliyenyang'anywa dawa huku vidukari wakimletea ugonjwa shambani, ana haki ya kuuliza nani atamfidia, na tathmini isiyomjibu bado ina deni kwake.